Namba ya Mkiani Kwanza, Sura Baadaye

*Safu ya Mzee wa Chumba cha Giza: maswali ya wasomaji kuhusu picha za zamani. Toleo hili: ndege za mabomu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na watu waliozirusha.*

Tangu niguse picha za ndege za vita katika toleo lililopita, barua zinamiminika. Nimechagua chache zenye kitu cha kufundishana. Zile zilizouliza picha fulani inaweza kuuzwa kiasi gani nimeziweka kando. Muulizeni dalali, mimi kazi yangu ilikuwa kusafisha picha.

Shikamoo Mzee. Nina picha ya wanaume saba waliojipanga mbele ya ndege yenye injini nne. Ubavuni mwa ndege inaonekana herufi S kubwa na nusu ya herufi nyingine. Nyuma ya picha kumeandikwa "kikosi chetu, 1943", basi. Nitajuaje hawa ni akina nani?

Marahaba. Hiyo saba ni mwanzo mzuri. Lancaster ya Waingereza ilibeba watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Lakini Halifax na Stirling nazo mara nyingi zilibeba saba, kwa hiyo usikimbilie. Angalia mkia. Lancaster ina mapezi mawili yenye umbo la yai. Halifax nayo ina mawili, za mwanzo yakiwa ya pembetatu na za baadaye yenye pembe za mraba. Stirling ina pezi moja, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba watu waliosimama chini ya pua yake wanaonekana watoto.

Ukishaijua ndege, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungisha ndoa kati ya ndege iliyo nyuma na watu walio mbele, bila shahidi. Ndege moja ilirushwa na vikosi vingi, na kikosi kimoja kilirusha ndege nyingi, kutegemea ipi ilikuwa nzima usiku ule. Mpiga picha naye aliwasimamisha watu mbele ya ndege yoyote iliyokuwa karibu na yenye mwanga mzuri.

Chukua Lancaster R5868, iliyopo hadi leo katika Makumbusho ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) huko Hendon, London. Mwaka 1942 ilikuwa skwadroni (kundi la ndege na watu wake) ya 83, ikiwa na herufi OL-Q. Mwaka 1943 ikahamishiwa skwadroni ya 467 ya Waaustralia, ikaandikwa PO-S. Ilikwenda vitani zaidi ya mara 130. Ukiwa na picha mbili, moja ina Q na nyingine ina S, utaapa ni ndege mbili. Na kinyume chake kipo: ndege ikipotea, mpya iliyoletwa ilipewa herufi ileile ya marehemu. Kwa hiyo S yako inaweza kuwa S ya Machi au S ya Oktoba, na hizo si ndege moja.

Kisichobadilika ni namba ya ndege yenyewe, ile ndogo iliyoandikwa ubavuni karibu na mkia: herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu. Utaniambia kwako haionekani. Subiri kidogo. Ndege za usiku zilipakwa rangi nyeusi ubavuni, na herufi zikaandikwa kwa nyekundu iliyofifia. Filamu nyingi za zamani hazikuisikia rangi nyekundu. Kwake nyekundu na nyeusi ni ndugu. Skani picha kwa ubora wa juu kabisa, kisha inua mwanga wa sehemu ya giza peke yake, polepole, bila kugusa sehemu nyingine. Mara nyingi ukingo wa herufi hujitokeza, kwa sababu rangi iliyopakwa kwa brashi ina mng'ao tofauti na ile ya chini yake. Kama ukiona mkwaruzo mnene mahali namba ilipopaswa kuwa, huyo ni mkaguzi wa picha wa wakati wa vita aliyefuta makusudi.

Herufi mbili za upande mmoja wa nembo ya duara ndizo za skwadroni. Moja ya upande wa pili ndiyo ya ndege. Orodha za herufi za skwadroni zimechapishwa na ni rahisi kupata: AJ ni 617, PM ni 103, SR ni 101. Ukiwa na skwadroni, nenda kwa shahidi, ambaye ni daftari la operesheni. Madaftari hayo yapo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, katika fungu la AIR 27, na mengi unaweza kuyapakua ukiwa nyumbani. Usiangalie tu muhtasari wa mwezi. Tafuta zile karatasi zinazoitwa Fomu 541: tarehe, namba ya ndege, majina ya waliopanda, saa ya kuruka, saa ya kutua. Safu ya saa ya kutua ikiwa na maneno badala ya saa, jiandae.

Halafu rudi kwa wanaume wako saba uwahesabu vizuri. Tangu katikati ya 1940, kila mwanajeshi wa RAF aliyerushwa vitani alikuwa na cheo cha sajini au zaidi. Asiye na mistari mitatu mkononi wala alama ya afisa, na amevaa ovaroli, ni fundi wa ardhini, asiyeruka. Wengi waliwaita mafundi wao waje kwenye picha, hasa kikosi kilipomaliza zamu yake ya safari 30. Na ukiona filimbi ndogo imening'inia kwenye kola, huyo alikuwa wa kuruka: ilikuwa ya kuitia msaada akianguka baharini.

Mzee, kuna picha niliyotumiwa ya kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la anga la Uingereza, kifuani ana bawa moja lenye herufi N. Wenzangu wanasema imetengenezwa na kompyuta. Wewe unaonaje?

Sijaiona picha yenyewe, kwa hiyo siitolei hukumu. Ila hoja ya wenzako kwamba jambo hilo halikuwezekana, hiyo naikataa mchana kweupe.

Bawa moja lenye N ni la mwongoza njia, na lilianza kuvaliwa 1942. Kabla ya hapo walivaa O. Rubani peke yake ndiye mwenye mabawa mawili. RAF iliondoa kizuizi cha rangi kwa maafisa mwaka 1939 vita vilipoanza, na mamia ya vijana kutoka Karibi, pamoja na wachache kutoka Afrika Magharibi, wakaingia kwenye ndege. Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, alikuwa mwongoza njia. Ndege yake iliangushwa Novemba 1943, akakaa mfungwa Ujerumani hadi vita vilipokwisha, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Mwingine ni Cy Grant wa Guyana, na kisa chake kinahusu picha hasa. Alikuwa mwongoza njia wa Lancaster ya skwadroni ya 103. Juni 1943, wakirudi kutoka Gelsenkirchen, wakaangushwa juu ya Uholanzi. Wajerumani wakampiga picha, nayo ikatokea katika gazeti la chama cha Nazi, ikiwa na maelezo kwamba huyu ni mwanajeshi wa RAF wa asili isiyoweza kutambulika. Hebu fikiria: mtu ana jina, ana cheo, ana namba ya jeshi, na waliomkamata walikuwa wameshamhoji. Picha ilikuwa ya kweli. Maneno chini yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Baada ya vita Grant alikuja kuwa mwigizaji na mwimbaji maarufu katika televisheni ya Uingereza. Miaka mingi baadaye Mholanzi mmoja, ambaye akiwa mtoto aliiona ndege ile ikianguka, alifuatilia kikosi kile hadi akampata Grant mwenyewe, na kutokana na hapo ikakusanywa orodha ya wanaanga wa Karibi waliorukia RAF. Anza na orodha hiyo. Ipo kwenye intaneti, ina sura na majina.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaanza kutafuta: kama kijana wako ana kitambaa cheupe mbele ya kofia, bado alikuwa mafunzoni. Hapo daftari la skwadroni halitakusaidia kwa tarehe hiyo.

Nitatofautishaje ndege za mabomu za Marekani, B-17 na B-24? Na nitajuaje ni mwaka gani?

B-17 ina pezi moja kubwa la mkia, B-24 ina mawili. Umemaliza.

Mwaka utazame kwenye nyota. Nyota ya Wamarekani yenye kitone chekundu katikati ni ya kabla ya katikati ya 1942. Nyota iliyoongezewa vibao vyeupe kushoto na kulia ni ya kuanzia katikati ya 1943. Kwanza ukingo wake ulikuwa mwekundu, na kabla mwaka haujaisha ukawa wa bluu. Ila nyota inakwambia "si kabla ya hapo" tu. Kupaka rangi upya kulichukua muda, na ndege nyingi ziliendelea kuruka na nembo ya zamani. Namba iko kwenye pezi, na tarakimu ya kwanza ya mwaka wameidondosha: B-17 maarufu iitwayo Memphis Belle ni 41-24485, lakini mkiani utasoma 124485.

Nimepata picha nyeusi tupu yenye michirizi myeupe iliyojipinda, na chini kuna mstari wa maandishi madogo. Aliyenipa alisema ni filamu iliyoharibika. Niitupe?

Usithubutu! Pengine hiyo ndiyo picha yenye ushahidi mwingi kuliko zote zilizoletwa kwangu mwezi huu.

Ni picha ya shabaha iliyopigwa usiku. Mabomu yalipoachiwa, bomu la mwanga liliachiwa pamoja nayo, na kamera iliyo tumboni mwa ndege ikafungua. Rubani alitakiwa aendelee kunyooka, bila kupinda, mpaka ule mwanga ulipuke kule chini, huku maadui wanampiga. Michirizi ni mioto ya ardhini, taa za kumulika na risasi za kutungulia ndege. Imejipinda kwa sababu lenzi ilikuwa wazi na ndege inasogea. Ukiona michirizi yote imekwenda kombo kwa pamoja, rubani alipinda.

Sasa chukua kioo cha kukuzia usome ule mstari. Utakuta jina la kituo cha ndege, kisha tarehe iliyoandikwa mara mbili, kwa mfano 17/18.8.43, ambao ndio usiku wa shambulio la Peenemünde. Waliruka tarehe moja wakarudi nyingine. Kwenye daftari anza kutafuta kwenye ya kwanza. NT ni usiku. Namba yenye alama ya inchi ni ya lenzi. Inafuata idadi ya futi kutoka ardhini, mshale na digrii za uelekeo, saa na dakika, jina la mji. Mwishoni kabisa, mahali watu wanapochoka kusoma, pana cheo na jina la ukoo la rubani, herufi ya ndege na namba ya skwadroni. Picha isiyo na mtu hata mmoja imekutajia rubani kwa jina. Fomu 541 ya usiku huo itakupa wenzake wote.

Je, niitie rangi picha ya babu wa rafiki yangu kwa programu ya simu kabla ya kuifanyia utafiti?

Hapana. Programu inabuni. Itakupa utepe wa nishani wenye rangi ambayo haijawahi kuwepo, na ikiona herufi iliyofifia itaikamilisha inavyotaka yenyewe. Skani mbele na nyuma, fanya kazi kwenye nakala, ya asili irudi kwenye bahasha. Na kagua kama haikuchapwa kinyume: bawa linakaa juu ya mfuko wa kushoto wa mvaaji. Likiwa kulia, negativu iligeuzwa, na herufi zote ulizosoma uzisome upya.

Mzee, jina moja tu ndilo lililoandikwa nyuma ya picha yangu, la Mwingereza aliyefariki 1944. Wengine nitawapataje? Na mwenzangu ana picha ya Mmarekani. Aliambiwa faili la jeshi la Mmarekani huyo liliungua.

Wako ni rahisi. Mtafute kwenye kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, utapata tarehe, skwadroni na kaburi. Kisha tafuta tena kwa tarehe hiyo na makaburi hayohayo, bila jina. Waliokufa pamoja mara nyingi walizikwa wakifuatana. Ukielekezwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Runnymede, Uingereza, maana yake hana kaburi linalojulikana. Kule yapo majina zaidi ya 20,000. Hapo tumia kumbukumbu za hasara za kituo cha Bomber Command (kamandi ya ndege za mabomu ya RAF) cha Lincoln, ambazo hupanga watu kwa ndege.

Mwenzako ameambiwa kweli. Moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya nyaraka kule St. Louis, Marekani, uliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya jeshi la nchi kavu, na wanaanga wa Marekani wa wakati ule walihesabiwa humo. Lakini faili la mtu si karatasi pekee. Kama ndege yake haikurudi, ipo ripoti ya kikosi kilichopotea, na Wamarekani waliandika kila kitu: nani alikaa wapi, nani aliiona ndege mara ya mwisho, hadi namba za injini na za bunduki. Kama alirudi salama, aombe ripoti za asubuhi za skwadroni, ambazo hazikuungua: kila siku ziliandika nani kaja, nani kaondoka, nani kapandishwa cheo, nani yuko hospitali. Kwenye barua aweke namba ya jeshi ya mhusika, maana majina yanafanana mno.