Frimasoni, Iluminati na wenzao: majibu ya maswali yenu

Wadau maswali ni mengi kweli, nimechukua yale yanayojirudia, wengine mtanisamehe.

Kuna jamaa kanitumia meseji eti ni wakala wa Frimasoni, nilipe elfu themanini ya fomu halafu utajiri unakuja. Kweli?

Tapeli huyo, mbloku. Frimasoni hawana mawakala wa kubandika namba kwenye nguzo za umeme. Mtu anaomba kupitia mwanachama anayemfahamu, anahojiwa, halafu loji, yaani tawi lao, inapiga kura ya siri kwa vigoroli vyeupe na vyeusi, vyeusi vikizidi kiasi imekula kwako. Na ukikubaliwa wewe ndo unalipa ada kila mwaka, sio wao wakulipe wewe. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa kiongozi wao mkubwa Afrika Mashariki na wala hakuficha, na bado viwanda vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha kama vya wengine tu. Huo uchawi ulikuwa wapi siku hiyo?

Sasa kama sio hela, siri ya nini?

Hapa ndo patamu. Uskoti miaka ya 1600 waashi wa mawe, ndo huko jina la Frimasoni lilikotoka, walikuwa na neno lao la siri, maana fundi anahama kazi hii kwenda ile, cheti hana, utamjuaje fundi wa kweli na kanjanja? Unamuuliza neno. Baadae wakaanza kuingia watu ambao hata nyundo ya mwashi hawajawahi kushika, wasomi na mabwana wakubwa, na kwa historia yao wenyewe tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London zilikutana kwenye baa inaitwa Goose and Gridiron zikaunda Loji Kuu. Baa, jamani, sio makaburini. Zile habari za Hekalu la Suleimani ni igizo wanalofundishia maadili mtu akipanda daraja.

Halafu kuna upande watu hawausemi kabisa, kusaidiana. Uingereza vyama kama Oddfellows na Foresters vilikuwa na viapo na vyeo vyao lakini kazi kubwa ilikuwa mfuko, unachangia kidogo kidogo, ukiugua unalipwa, ukifa unazikwa vizuri, na serikali ilipoleta sheria ya bima ya taifa 1911 ilipitishia malipo kwenye vyama kama hivyo hivyo. Marekani nako Prince Hall, mtu mweusi wa Boston, aliingia Frimasoni 1775 na wenzake 14 kupitia loji ya wanajeshi, wakaja kupata hati yao kutoka London maana loji za wazungu wa pale hazikuwataka.

Sisi Waafrika hatukuwa na vyama vya hivi?

Tele. Walega wa Kongo wana Bwami, unapanda daraja kwa daraja kwa mafundisho na gharama, na wanawake nao wana madaraja yao, Wabelgiji wakaipiga marufuku. Na mabibi na mababu zetu wa pwani walikuwa na beni, Marini na Arinoti, ngoma za gwaride zenye makingi na majenerali, wanashindana kwa karamu na mavazi lakini mwenzao akifiwa wanachanga. Wakoloni wa Kiingereza waliwaangalia kwa jicho la wasiwasi, ngoma tu hiyo!

Iluminati na Frimasoni si kitu kimoja?

Hapana. Iluminati alianzisha profesa Adam Weishaupt huko Bavaria, Ujerumani, 1 Mei 1776, akawa anavua wanachama ndani ya loji za Frimasoni, mkanganyiko ulianzia hapo. Mtawala akavipiga marufuku vyama vya siri 1784 na 1785, wakasambaratika. Wasanii wa Bongo fleva wanaofunika jicho moja wanatafuta kiki tu.

Mimi Mkatoliki, naruhusiwa kujiunga?

Hapana. Papa Clement XII alikataza 1738 na Vatikani imerudia hilo Novemba 2023. Ukitaka kubishana, kabishane na paroko wako.