Jibu: Mabehewa ya abiria yanaacha reli kwenye kona
Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mabehewa yako ya abiria ya HO (treni ndogo za mfano, mara 87 ndogo kuliko halisi) yanaacha reli kwenye kona ya nusu kipenyo cha sentimita 46, ilhali yale mafupi ya mizigo yanapita. Anza kwa kupima behewa refu kuliko yote. Langu lina sentimita 26, na lilitulia nilipopanua kona hadi 78, yaani mara tatu yake. Mara tano ndiyo inapendeza macho, ila chumba changu hapa Dodoma hakitoshi. Pale njia inapokata kulia kisha kushoto, weka katikati kipande kilichonyooka, kisipungue urefu wa behewa. Pitisha na kidole kwenye viungo vya reli: kimoja changu kiliinuka unene wa kucha tu, nikahangaika wiki nzima nikilaumu magurudumu.