Kabla hujawasha hita ya maji, angalia mabomba yake

Baridi ya Juni ikishaingia Mafinga na Njombe, simu za mafundi bomba hazipumziki. Kila nyumba inataka maji moto bafuni, na hita za ukutani za lita 30 na 50 unazipata hata kwenye maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi. Tatizo ni kwamba wengi wanahofia umeme peke yake. Umeme ni wa kuhofiwa kweli, lakini maji yanayopashwa moto ndani ya tangi lisilo na upenyo yanaweza kulipasua na kubomoa ukuta. Mimi ni fundi bomba, na ninataka kuzungumzia upande huo wa maji.

Chini ya hita kuna midomo miwili. Wenye duara la bluu unaingiza maji baridi, wenye jekundu unatoa maji moto. Ndani, bomba la mdomo mwekundu linapanda hadi karibu na kilele cha tangi, kwa sababu maji moto hukaa juu. La bluu linaishia chini. Ukizigeuza, hewa inanaswa juu, tangi halijai sawasawa, na chuma cha kupashia kinaweza kuungua kwa kukosa maji ya kukifunika. Watu hununua hita mpya wakati kosa lilikuwa mabomba mawili tu.

Upande wa moto usitumie bomba za kawaida za PVC, zile za kuunganisha kwa gundi. Maji ya nyuzi 60 huzilainisha, na maungio huanza kuachia. Tumia PPR ya maji moto, bomba la plastiki gumu lililoandikwa PN20 (daraja la presha), linalounganishwa kwa mashine ya joto. Na pale bomba linapofika kwenye hita weka yunioni, ili siku ya matengenezo mtu afungue kwa spana badala ya kukata bomba.

Sasa kitu ambacho nakisisitiza kwa kila mteja: valvu ya usalama. Hita nyingi huja nayo ndani ya boksi. Ni kipande cha shaba nyeupe kisichozidi kidole gumba, kina mshale ubavuni, kishikio kidogo cha kuinua, na kidomo chembamba kinachotazama pembeni. Mara nyingi imegongwa kiwango cha presha, 0.8 MPa, yaani bar 8. Inafungwa kwenye mdomo wa bluu, mshale ukielekea kwenye hita. Kazi zake ni mbili: inazuia maji ya kwenye tangi yasirudi nyuma, na presha ikizidi inayaachia kupitia kile kidomo. Koki ya kufungia maji ikae kabla ya valvu hiyo. Kati ya valvu na hita pasiwe na koki yoyote, maana siku mtu akiifunga, presha ya ndani haitakuwa na pa kutokea.

Valvu hiyo itadondosha maji, na hapo ndipo watu wanapokosea. Maji yakipata moto yanatanuka: lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kwa karibu robo tatu ya lita. Nilishaitwa kwa mama mmoja aliyelalamika kwamba hita yake inanguruma. Nikakuta kidomo kimezibwa kwa kijiti na gundi.

"Mwanangu, kilikuwa kinanilowanishia sakafu kila siku," akaniambia.

"Mama, naomba tuzime swichi kwanza, halafu nitakueleza," nikamjibu.

Tuliacha ipoe, nikabadilisha valvu, nikachomeka kimpira chembamba kwenye kidomo na kukishusha hadi kwenye tundu la maji machafu. Kimpira kiteremke muda wote, ncha yake ibaki wazi, na kisipite karibu na soketi. Sakafu ilikauka, na matone yakaendelea kama inavyotakiwa.

Valvu ikidondosha mfululizo hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, hiyo ni habari nyingine. Ama kuna uchafu ndani ya valvu, ama presha ya bomba ni kubwa, hasa kwenye nyumba zenye pampu. Hapo inahitajika valvu ya kupunguza presha kwenye bomba la kuingilia.

Wapo mafundi wanaosema kwamba ukitumia tangi la juu ya paa huna haja ya valvu, kwa kuwa mita 10 za kimo ndizo zinatoa bar 1 tu. Sikubaliani nao. Bila valvu, tangi la juu likikauka, maji ya hita yanarudi chini na chuma kinabaki kikavu. Na mtu akifunga koki hita ikiwa inawaka, maji yanayotanuka hayana njia.

Kabla ya kuwasha, fungua koki ya maji moto bafuni, kisha ruhusu maji yaingie. Mwanzoni yatatoka yakikohoa hewa. Subiri yatoke mfululizo, funga, pitisha karatasi kavu kwenye kila ungio, ndipo uwashe. Hita ya lita 50 yenye wati 1,500 inahitaji kama saa moja na nusu kufika nyuzi 60. Ikifika, pitisha karatasi tena, maana ungio lililokuwa kavu kwenye baridi linaweza kuvuja likipata moto.

Waya wa ethi usikosekane, kwa kuwa bomba za plastiki hazipeleki umeme ardhini. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania. Na kama nyumbani kuna watoto, kumbuka maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ndani ya sekunde chache: wafundishe kufungua baridi kwanza, na waonyeshe wote wa nyumbani swichi ya hita iko wapi na koki ya kufunga maji ni ipi.