Weka mswaki chini, hiyo nyota ndiyo ushahidi!

Mkuu, nimesoma ujumbe wako kuhusu ile sarafu yako ya zamani ya Cuba yenye nyota, hadi pale ulipoandika "nitaisugua kwanza kwa dawa ya meno ndipo nione nyota imeinuka kiasi gani", chai ikanipalia.

USISUGUE. Sarafu za fedha za centavo 40 za Cuba za 1915, zilizogongwa Philadelphia, zina aina tatu: nyota iliyoinuka sana, ya wastani, na ya chini. Tofauti ilianzia kwenye muhuri wa kugongea, yaani kile chuma kinachochapa picha kwenye sarafu, nayo ni ndogo. Ukisugua unapunguza kilekile unachotaka kukipima!

Mimi nilikuwa nayo moja, nyeusi kama sufuria ya kuni. Aliyeniuzia, fundi wa maneno yule, akaniambia, "Isafishe ing'ae, nyota itajionyesha yenyewe." Jioni nzima niko barazani na mswaki, mke wangu ananiuliza zamu ya masufuria yake ni lini. Ikang'aa kama kijiko cha harusi. Nikaipeleka kwa mnunuzi, hela nimeshaipangia matumizi hadi senti ya mwisho. Jamaa akaiinamisha chini ya taa mara moja tu: "Imesuguliwa." Ncha za nyota zimelala, hawezi kuapa kama ni ile ya juu iliyolika au ni ya wastani. Akanipa bei ya kuyeyusha. Gramu 10, madini ya fedha asilimia 90, kwa hiyo nimelipwa gramu 9 za fedha na nauli juu yangu. Nilipomrudia muuzaji akasema kosa langu ni mswaki mgumu. Eti mswaki! Mtu huyo bado anauza hadi leo, na bado anatoa ushauri bure.

Sikiliza. Iache na weusi wake. Ishike kwa ukingo, zima taa ya juu, laza tochi ya simu pembeni karibu usawa wa meza, uangalie kivuli cha nyota. Halafu tafuta nyingine ya centavo 40 uziweke pamoja, maana ikiwa peke yake kila nyota ni ya juu, hasa ukiwa umeilipia bei ya juu. Picha zilizopigwa kutoka juu zisikudanganye, mimi zimeshanidanganya vya kutosha.

Zile centavo 20 zako, tazama na mikato ya ukingoni, ile mistari midogo inayozunguka sarafu, kuna minene na myembamba. Uliuliza na kuhusu peso, sijui ya mwaka gani, nitarudi kusoma.

Lakini mswaki umeshaweka chini?