Maandalizi ya Mashindano Yako ya Kwanza ya Magic: The Gathering

Ndugu zangu mnaojiandaa kuingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, naomba muanze na jambo ambalo wengi hulikumbuka mwisho kabisa, nalo ni karatasi ya orodha ya kadi, ile mnayomkabidhi mwamuzi ikionyesha kila kadi mtakayochezea na idadi yake. Mtu hutumia miezi kuzitafuta kadi, kuzibadilishana na kuzijaribu, kisha akaijaza orodha hiyo amesimama mlangoni huku majina yakiitwa. Mimi nilifanya hivyo. Kadi moja niliiandikia idadi ya 3 ilhali nilikuwa nazo 4, jumla ikawa 59 badala ya 60, na katika raundi ya pili mwamuzi akanijia na karatasi yangu mkononi, akanieleza kwa upole kwamba nimekwisha kupoteza mchezo mmoja kabla hata mpinzani wangu hajalamba kadi. Tangu siku hiyo huiandika orodha nyumbani, nikiwa nimezipanga kadi mezani kwa mafungu ya jina moja moja, na humwomba mtu mwingine azihesabu upya.

Kanuni yenyewe si ngumu. Katika mashindano ambayo kila mtu huja na jozi, yaani fungu zima la kadi za kuchezea, aliyoiandaa mwenyewe, kadi zisipungue 60, jina moja lisizidi kadi 4 isipokuwa zile za ardhi za msingi, ambazo hutoa nguvu ya kuzilipia kadi nyingine, na akiba, yaani kadi za pembeni za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, isizidi kadi 15. Hakikisheni pia kwamba kila kadi inaruhusiwa katika aina ya mashindano mnayoingia, kwa sababu orodha ya kadi zilizopigwa marufuku hubadilika.

Katika mazoezi, msiishie kucheza tu. Kadi iliyowekwa mara 4 katika jozi ya 60 ina uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuwamo katika kadi 7 za mwanzo, maana yake ni kwamba mara nyingi mtaanza bila ile mnayoitegemea. Kwa hiyo changeni kadi, vuteni 7, mwamue kama mkono huo mtaushika au mtaurudisha na kuvuta mwingine, kisha mrudie mara 30. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo lililonifaa kuliko mengine yote.

Vifuko vya plastiki vinavyovalishwa kadi viwe vipya na vya aina moja. Kimoja kikichanika, na vingine vikiwa vimechakaa, msibadilishe hicho kimoja tu, maana kitang'aa kati ya wenzake na kadi iliyomo itatambulika kwa mgongo. Mwamuzi ataihesabu kuwa yenye alama, hata kama hamkukusudia.

Mechi huwa ya michezo 3, mshindi akiwa ni yule atakayetangulia kushinda 2, na kwa kawaida raundi hupewa dakika 50. Chezeni kwa mwendo wa kawaida, na mpinzani akikawia mno, au mkitofautiana juu ya maana ya kadi, inueni mkono mumwite mwamuzi papo hapo. Wageni wengi huona haya kufanya hivyo wakidhani wanamshtaki mwenzao; sivyo hata kidogo, kwani mwamuzi yupo kwa ajili ya wote wawili, na kosa likiachwa likapita zamu tatu, kulirekebisha huwa vigumu. Jambo ambalo ni marufuku kabisa ni kumpa au kumwahidi mpinzani zawadi ili akuachie ushindi, ama kuamua mshindi kwa kurusha sarafu.

Mwisho, njooni na kalamu na daftari. Kila mchezaji huanza na uhai 20, na dadu ya kuhesabia huanguka mkono ukiigusa. Andikeni kila badiliko, 20, 17, 15, 11, safu yenu na ya mpinzani kando kwa kando, mkitaja namba hiyo kwa sauti, ili akisema amebaki na 8 nanyi mmemwandikia 5, mwamuzi aweze kuirudia safu hatua kwa hatua hadi pale mlipoachana.