Anti, hisa yangu imeshuka asilimia 80, niuze au nisubiri?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika. Mwaka jana nilinunua hisa za kikampuni kinachotafuta madini, nilisikia kwenye grupu kwamba zitapaa, nikaweka karibu akiba yangu yote. Wiki mbili zikapanda kweli nikajiona fundi, halafu zikaanza kushuka, nikaongeza ili wastani wa bei ushuke, zikashuka tena nikaongeza tena. Sasa hivi niko chini asilimia 80. Silali Anti, simu iko chini ya mto, saa tisa usiku nashtuka naangalia apu wakati soko lenyewe limefungwa! Mume wangu hajui kitu. Nimejiapiza siuzi mpaka irudi bei niliyonunulia, nikitoka sifuri kwa sifuri basi, sigusi hisa tena. Nisubiri au niuze? – Nisiyelala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Yalishanikuta na mimi, nilikuwa nikifungua apu naishusha haraka ile hisa kwa kidole gumba nisiione ile nyekundu, kama vile nisipoitazama itapona yenyewe. Haikupona.

Hebu tuanze na hiyo sifuri kwa sifuri yako. 100 imeshuka asilimia 80 imebaki 20, sasa hiyo 20 ili irudi 100 inatakiwa ipande asilimia 400, sio 80. Ikifika chini asilimia 90 itadai asilimia 900. Haya, hisa hua zinapanda hivyo mara mojamoja, sikatai, ila kwako kuna tatizo lingine kubwa zaidi na nadhani hujalitazama.

Kikampuni cha kutafuta madini hakina mauzo, kinachimba vishimo vya majaribio na kulipa mishahara kwa hela za wenye hisa, zikiisha kinatoa hisa mpya kinauza, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya sokoni. Kwahiyo fungua ripoti yao ya karibuni, ruka barua ya mwenyekiti na zile picha za watu wamevaa kofia ngumu wanacheka, nenda moja kwa moja panapoonyesha idadi ya hisa zilizotolewa, linganisha na siku uliyonunua. Tuseme zilikua milioni 40 na sasa ni milioni 160. Maana yake hata kampuni nzima ikirudi thamani ileile ya siku ile, hisa yako moja itakua robo tu ya bei uliyolipa. Kampuni inaweza kupona wewe usipone! Ukiwa hapohapo angalia hela taslimu iliyobaki na kila robo mwaka wanatumia kiasi gani, ukigawanya ukakuta zinatosha robo mwaka mbili au tatu tu hivi, jua mzigo mwingine wa hisa mpya uko njiani.

Kung'ang'ania bei uliyonunulia sio ujinga wako peke yako. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyofurahisha, na mwaka 1985 wataalamu wa fedha Shefrin na Statman wakaonyesha jinsi wawekezaji wanavyokimbilia kuuza inayopanda na kukumbatia inayoshuka. Ila soko halijui wewe ulinunua bei gani wala halina habari.

Kuhusu kuongeza, acha leo hii. Ulichokuwa unafanya hukuwa unashusha wastani, ulikua unalipiza kisasi, na kila ukiongeza ndo unazidi kuwa na kitu kimoja tu maishani.

Mimi ningeuza, ukishakuta idadi ya hisa imefura namna hiyo. Kama roho inakataa kabisa bakisha kidogo ambacho kikifika sifuri utakula na utalala. Ila usibonyeze kuuza zote kwa bei yoyote, hisa hizi wanunuzi wanahesabika, oda kubwa ya haraka inaiangusha bei na unajiumiza mwenyewe. Weka oda yenye bei uliyoitaja, uza kwa mafungu, hata ikichukua wiki. Na muulize dalali wako habari ya kodi, nchi nyingi hasara ukishauza inaruhusiwa kupunguzwa kwenye faida ya hisa zingine.

Mumeo mwambie kabla hujauza, sio baada. Kaa naye, andika kwenye karatasi uliingiza ngapi na imebaki ngapi, mbili tu, bila hadithi ya grupu kwanza, hadithi ataiuliza mwenyewe. Atakasirika, ndio. Simu ilale chumba kingine.

Halafu kuna mtu atakupigia au kukutumia meseji, sauti tamu, anakuambia anaweza kukurudishia hela zote ila utangulize ada kidogo. Majina ya waliopata hasara hua yanauzwa. Usimpe hata senti.

SWALI: Anti mambo, nimeamka nakuta hisa zangu 5,000 zimekua 500 na bei imepanda mara 10, ndo nimetajirika au nimeibiwa? – Mshangaa

JIBU: Hakuna hata kimoja mpenzi. Wameunganisha hisa 10 kuwa 1, thamani yako ni ileile. Kampuni hufanya hivyo bei ikishuka mno, mfano soko la Nasdaq la Marekani linataka hisa isikae chini ya dola 1, ikikaa hapo muda mrefu kampuni inaweza kuondolewa sokoni. Wewe subiri uone kama miezi inayofuata wanatoa tena hisa mpya, na wakitoa, basi rudi juu usome jibu la mwenzio.