Jibu: Wahudumu wa ambulensi hufanya nini simu isipolia?

Dada, umeuliza kama sisi wa ambulensi hapa Nairobi hulala tu garini tukingoja simu. Zamu yangu huanza saa 1 asubuhi na kuisha saa 1 jioni, na mwanzoni hakuna anayeketi. Tunakagua mtungi wa oksijeni umebaki na kiasi gani, mashine ya kunyonya makohozi, betri ya kifaa cha kushtua moyo, glavu, machela. Dereva anaangalia matairi, mafuta na king'ora. Oksijeni ikiisha mkiwa mmekwama Mombasa Road jioni, hakuna pa kukimbilia.

Chakula ni haraka haraka. Mimi hubeba chapati na maharagwe, maana huliwa hata yakipoa. Choo nacho, ukikipata kitumie.

Kinachonichosha si damu. Ni kufika hospitali ukaambiwa hakuna kitanda, mkaanza kupigia kwingine huku mgonjwa angali amelala nyuma na mamake amekushika mkono. Hilo mimi hurudi nalo nyumbani. Akishapokelewa, tunapangusa machela kwa dawa, tunajaza fomu, na mara nyingi simu inayofuata imeshaingia.

Nakuomba jambo moja. Ukitupigia, taja alama inayojulikana: stegi, kanisa, kituo cha mafuta. Nyumba nyingi mitaani hazina namba. Kisha mtume mtu asimame kando ya barabara atupungie, na usiku awe na tochi. Na simu yako usiizime, tutakupigia tukikaribia.